Kati ya Kaskazi na Kusi: Machi ya Mvuvi wa Mshipi

Kaskazi huondoka bila kuaga. Wiki ya kwanza ya Machi bado inapeperusha nguo kwenye kamba za kuanikia kule Malindi. Wiki ya pili inavuma kidogo asubuhi, inakatika mchana. Kabla mwezi haujaisha bahari imelala, na ngalawa zinarudi kwa kafi kwa sababu tanga halina cha kushika. Huko Ulaya majira ya kuchipua ndiyo yanaanza na watu wanavua makoti. Pwani ya Afrika Mashariki imeingia maleleji, zile wiki chache kabla ya kusi kushika zamu. Kwa anayependa kuvua kwa fimbo na mshipi, hakuna wakati mwingine ambapo boti ndogo hufika mbali namna hii. Hakuna pia wakati unaomhadaa mvuvi kama huu.

Hadaa zenyewe ni mbili. Bahari ikitulia, mgeni hudhani samaki wametawanyika kila mahali na kazi yake ni kutupa chambo tu. Tena hudhani kwamba bahari iliyolala haiwezi kuamka kabla ya saa za kurudi. Dhana zote mbili zimewaharibia watu siku zao.

Tuanze na samaki. Machi na Aprili ndiyo miezi ambayo uso wa Bahari ya Hindi kwenye mwambao huu una joto kuliko wakati wowote wa mwaka: nyuzi 29 hadi 30 za Selsiasi, ilhali Agosti na Septemba hushuka hadi 25 hivi. Jua lenyewe liko utosini. Dar es Salaam hulipata wima juu yake siku za mwanzo za Machi, na Mombasa kati ya tarehe 10 na 11. Mti uliosimamishwa wima ufukoni adhuhuri ya siku hizo hauna kivuli. Upepo nao umeacha kuyakoroga maji. Matokeo yake ni tabaka la maji ya moto lililokaa juu, na lishe imebaki chini kwenye maji ya baridi. Dagaa hufuata lishe, sehewa humfuata dagaa, na jodari na nduaro humfuata sehewa. Kwa hiyo katika maleleji samaki wakubwa hawakai kila mahali. Hujikusanya pale ambapo kitu fulani kinayalazimisha maji ya chini kupanda: ukingo wa mwamba unaoporomoka kuingia kilindini, mlima uliofichika chini ya bahari, au mahali mikondo miwili inapokutana.

Ndiyo maana Watamu na Malindi zina jina kubwa. Mbele yao, mwendo wa saa mbili au zaidi kwa boti ya injini, kuna fungu la North Kenya Bank, sehemu iliyoinuka kutoka kilindini ambayo mkondo huigonga na kupanda. Isitoshe, miezi ya kaskazi mkondo wa Somalia huteremka kuelekea kusini na kukutana na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki ambao kwa Tanzania hukimbilia kaskazini mwaka mzima. Pepo zinapobadilika, makutano hayo nayo yanahama. Nahodha aliyevua huko wiki iliyopita ana habari mpya. Aliyevua mwezi uliopita ana kumbukumbu tu.

Kwenye maji haya kuna nduaro wa bluu, nduaro mweusi, nduaro wa milia, sulisuli, na yule mwenye upanga bapa ambaye huvuliwa usiku. Aina tano za samaki wenye mdomo mrefu katika eneo moja ni jambo adimu duniani. Sulisuli kilele chake Watamu ni Novemba hadi Januari, hivyo anayekuja Machi asimwekee nadhiri. Machi ni ya nduaro, hasa wa milia na wa bluu, na huisha polepole mvua zinapokaribia.

Kusini zaidi iko Shimoni na mkondo wa Pemba. Pemba si kipande cha bara kilichojitenga juzi. Kati yake na bara kuna bonde la bahari ambalo kina chake kinakaribia mita 800 mahali penye kina kirefu. Maana yake kwa mvuvi ni kwamba maji ya nduaro yako karibu, na mafuta ya injini hayaishii njiani. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934, kisha mapema mwaka 1954 akapiga kambi Shimoni. Safari ile ya pili haikuwa na furaha. Januari mwaka ule alikuwa amenusurika ajali mbili za ndege nchini Uganda, siku mbili mfululizo, na alifika pwani akiwa na majeraha ambayo hayakumruhusu kuvua sawasawa. Bahari ilikuwa mbele yake, naye muda mwingi akabaki nchi kavu. Wanaouza safari za uvuvi hupenda kulitaja jina lake. Sehemu hii ya hadithi hawaitaji mara nyingi.

Tanzania nayo ina mahali pake. Kusini-mashariki ya Unguja, mbali na macho ya mtu aliye ufukoni, kuna kisiwa kidogo kisicho na mti ambacho ramani hukiita Latham na wavuvi hukiita Fungu. Kimezungukwa na kilindi pande zote, hivyo jodari na sulisuli hupita jirani kabisa, na kolekole wakubwa hukaa kwenye kingo zake. Ndege wa baharini hutaga pale, na kwa hilo kisiwa chenyewe kiachwe. Cha kuvua kiko majini. Safari ya kwenda Fungu hufanywa kwa boti yenye injini mbili na redio, na maleleji ndiyo huiwezesha. Kusi likishakaza, mwenye akili hapaendi.

Si kila mtu ana fedha za kukodi boti ya kwenda kilindini, na kwa kweli si lazima. Nguru, kolekole, mzia na songoro huvuliwa karibu na mwamba kwa boti ya faiba yenye injini moja, au kwa mashua ya mvuvi wa kijijini aliyekubali kubeba mgeni. Huko ndiko mwandishi huyu angempeleka anayeanza. Nduaro mmoja anaweza kuitaka siku nzima na asionekane; nguru humpa mtu somo asubuhi moja.

Baada ya kujua mahali, kinachofuata ni rangi ya maji. Mvua za masika zikianza bara mwishoni mwa Machi, mto Sabaki huleta udongo wa nyanda za juu hadi ghuba ya Malindi, na kwa siku kadhaa bahari pale huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mgeni akiiona hukata tamaa. Asikate. Nduaro ni kweli hapendi maji hayo, kwa kuwa huwinda kwa macho, lakini matope hayaendi mbele bila mwisho: mahali fulani yanakutana na maji ya bluu, na mpaka wenyewe huonekana wazi kama umechorwa. Kwenye mstari ule hukusanyika povu, mwani, vijiti na samaki wadogo. Nguru na kolekole hupita upande wa maji safi wakisubiri kinachotokeza. Rufiji hufanya vivyo hivyo upande wa Mafia. Kwa hiyo swali la kwanza asubuhi ya Aprili, kabla ya kuuliza samaki wako wapi, ni maji yamekatika wapi. Nahodha asiyejua jibu hajatoka siku nyingi.

Alama nyingine ni za kutazama tu. Membe wakizunguka mahali pamoja na kupiga mbizi, chini yao kuna dagaa wanaosukumwa juu. Membe wakiwa wamekaa juu ya maji, karamu imekwisha. Gogo linaloelea kilindini halipitwi, kwa kuwa faulusi hupenda kivuli, na huenda kukawa na kundi zima chini yake. Bahari iliyolala ina faida hii moja kubwa: huonesha mambo ambayo mawimbi ya kusi huyaficha.

Halafu kuna bamvua, na hapa ndipo wengi wanaopanga safari kwa kalenda ya likizo hukosea. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; katikati ya hapo ni maji mafu. Karibu na tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, jua na mwezi huivuta bahari karibu na mstari wa ikweta, na bamvua za siku hizo huwa kubwa kuliko za kawaida. Mombasa na Zanzibar tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Maji mengi hivyo yakitoka kwenye hori na mikoko kwa saa sita hubeba kamba, dagaa na vifaranga vya samaki, na yote hupita kwenye milango ya mwamba.

Kwenye mwambao huu bamvua ina saa zake, na mwenye kuzijua hahitaji kufungua jedwali kila siku. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri, hupwa kama saa nne asubuhi, na hujaa tena saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yako juu karibu na saa nne asubuhi na chini saa kumi jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kutokana na hayo mtu anaweza kupanga. Kwa kolekole wa mlangoni, siku za bamvua atoke alfajiri na kuvua maji yanapotoka, hasa zile saa mbili za mwisho kabla hayajasimama. Kwa chewa na changu wa chini, bamvua ni adha, kwani mkondo huchukua risasi na mshipi haugusi chini. Huyo asubiri maji mafu. Boti zinazotoka kwenye hori zikumbuke pia kwamba saa nne ya bamvua mlango unaweza kukosa kina. Aliyetoka saa kumi na mbili asubuhi kwa ulaini asitegemee kurudi saa nne kwa ulaini uleule, hata kama mtoto amechafukwa na tumbo na anataka kwenda nyumbani.

Hadaa ya pili ni ya anga. Katika maleleji wingu la mvua huja kutoka upande wowote, mara nyingi mchana, na huwa na upepo mbele yake. Bahari inaweza kuwa shwari saa saba, na saa saba na nusu boti ikawa inapanda na kushuka ndani ya mvua isiyoonyesha ufuko. Dhoruba ya namna hiyo kwa kawaida hupita haraka. Kosa ni kukimbilia mlango wa mwamba ukiwa huoni mbele; nahodha mzoefu hubaki nje penye kina, huielekeza omo kwenye mawimbi, hupunguza mwendo na kungoja.

Kuna pia dhoruba zisizopita haraka. Watu wa pwani hii walizoea kusema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo kilielekea Dar es Salaam kabla ya kupoteza nguvu. Mei 2024 Hidaya kilifika eneo la Mafia, na boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Vyote vitatu vilikuja baada tu ya wiki hizi ambazo mtu hutazama bahari na kuiona kioo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano wenye tahadhari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Boti ya faiba ya mita saba haina shughuli baharini siku ya tahadhari kama hiyo. Kenya nayo ina idara yake. Utabiri usomwe jioni ya kuamkia safari na usomwe tena alfajiri, na kama nahodha anasita, pesa iliyolipwa isimlazimishe. Kwenye boti na kuwe na boya la kuvaa kwa kila mtu, redio au simu ndani ya mfuko usioingia maji, na lita tatu za maji ya kunywa kwa kila kichwa. Jua la utosini na mwanga unaorudishwa na bahari iliyolala humuunguza mtu hata chini ya kofia.

Vifaa visimsumbue mtu kupita kiasi. Mshipi wa kilo 15 na rili yenye breki laini hutosha nguru, faulusi na sulisuli. Nduaro anahitaji wa kilo 24 au zaidi. Breki ifungwe ishike kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, wala isikazwe samaki anapokimbia, kwani hapo ndipo mishipi hukatika. Nguru ana meno, hivyo kipande cha waya mbele ya ndoana hakikosekani.

Chambo bora cha kurambaza kwenye pwani hii bado ni chuchunge. Namna anavyotayarishwa hueleza mengi kuhusu mabaharia wa boti. Baharia hodari hulikandamiza tumbo la chuchunge kwa kidole gumba kuelekea mkiani hadi uchafu utoke, humkunja kunja mgongo mpaka alegee, kisha huipitisha ndoana chini ya mashavu ili itokeze tumboni, katikati kabisa. Mdomo hufungwa kwa waya mwembamba wa shaba pamoja na mshipi, na ile ncha ndefu huvunjwa. Akiisha humtupa majini kando ya boti na kumtazama. Chuchunge akienda moja kwa moja anaachwa aende nyuma. Akizunguka hata mara moja anavutwa na kufungwa upya, maana anayezunguka haliwi na yeyote na anausokota mshipi wote. Chambo cha namna hii hukokotwa kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Vile vya plastiki huvumilia 15. Baharia anayemtupa chuchunge bila kumtazama ameshampa mteja wake habari ya siku itakavyokuwa.

Samaki akishika, maji ya nyuzi 30 yanabadilisha hesabu. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, hivyo sulisuli aliyepiganishwa kwa saa nzima Machi huchoka vibaya kuliko angechoka Agosti. Kwa anayekusudia kumwachia, na nduaro na sulisuli wanapaswa kuachiwa, pambano liwe fupi. Ndoana ya mviringo hushika pembe ya mdomo badala ya kumezwa. Samaki abaki majini, ashikwe mdomo kwa glavu, boti iende mbele polepole ili maji yapite mashavuni mwake hadi rangi irudi na mkia uanze kupiga wenyewe. Kumpakia botini kwa ajili ya picha ni kumuua taratibu. African Billfish Foundation, taasisi yenye makao Watamu, imesimamia uwekaji alama wa makumi ya maelfu ya samaki hawa, na boti nyingi za Kenya hubeba alama hizo. Mteja aombe samaki wake awekewe. Nduaro wa milia katika Bahari ya Hindi amevuliwa kupita kiasi kwa tathmini za Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo huyu si wa kuulizana.

Jodari, sehewa na nguru wa kula ni habari nyingine, na hapo kosa kubwa ni la barafu. Samaki hawa wakikaa juani hutengeneza histamini nyamani, sumu ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Mlaji huiva uso, kichwa humgonga na mwili humwasha, naye husema ana mzio wa samaki kumbe ni uzembe wa boti. Jodari akiuawa achanjwe nyuma ya pezi la ubavuni damu itoke, atolewe matumbo na mashavu, azikwe kwenye barafu hapohapo. Boti inayotoka Machi bila sanduku la barafu lililojaa irudishwe bandarini kabla haijafika mlangoni.

Kuhusu sheria, kinachohitajika ni maswali mawili kabla ya kulipa. Leseni ya uvuvi wa burudani iko, na ni ya nani? Na njia ya boti inapita wapi? Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968 na ndani yake havuliwi kitu; Kisite, mbele ya Shimoni, ni hivyo hivyo. Mafia, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1995, kuna maeneo yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa, na mipaka haionekani majini. Nahodha aioneshe kwenye ramani.

Jambo moja zaidi ambalo matangazo ya utalii hayalitaji. Miaka ya karibuni Ramadhani imekuwa ikiangukia Machi, na mabaharia wengi wa pwani hii hufunga. Wanatoka baharini kama kawaida, lakini mteja muungwana hupanga kurudi mapema wapate kuwahi futari, na hakai mbele yao na chupa ya maji baridi akiuliza kwa nini hawanywi. Idd ikifika, boti hukaa na watu wanapumzika. Wageni waliokuja na ratiba ya kampuni ya Ulaya hushangaa, na hawana haki ya kushangaa.

Kwa mwenye nafasi ya kuchagua, wiki tatu za kwanza za Machi ndizo za kilindini: nduaro yupo, bahari inatulia, mvua bado. Kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili aubane ufuko, afuate mpaka wa maji na milango ya mwamba, na ahesabu siku mbili za akiba kwa ajili ya mvua. Baada ya hapo kusi huwa limeshika, mawimbi yanaufunika mwamba wa nje, na ifikapo Mei boti nyingi za Watamu na Malindi zimepandishwa nchi kavu kupakwa rangi na kufunguliwa injini. Atakayepiga simu wakati huo ataambiwa apige tena Agosti.